Ushahidi wa Mvi

Ukinunua pombe katika maduka mengi ya Japani, mashine ya malipo hukutaka uguse kioo chake ili kuthibitisha kwamba umetimiza miaka 20. Sheria ya kuwakataza vijana pombe ni ya tangu mwaka 1922. Lakini kumwuliza kila mtu ni kanuni ya maduka yenyewe. Basi hata mzee wa mvi na mkongojo huulizwa. Wako wanaoghadhibika, nami siwalaumu: je, mvi si ushahidi? Walakini mtazame na kijana muuzaji. Angeachiwa kupima umri kwa macho, kosa la macho yake lingemwangukia yeye. Kwa hiyo habishani. Huinamisha kichwa kwa adabu na kungoja, mpaka mzee, huku akinung'unika, anyoshe kidole.