Kizazi changu na ile kaye ya maulizo

Ninyi mama na dada wa Manika, leo nitawaambia habari ambayo wengi tunaificha chini ya kikwembe. Na wewe kijana mwanaume, usigeuze ukurasa: mama yako ao dada yako anaweza kuwa nayo.

Nilikuwa na miaka 41, na watoto watatu. Damu ya mwezi ilikuwa inakuja siku kumi, na mabonge. Nilikuwa navaa vikwembe viwili nikienda ku soko, kimoja cha juu na kimoja cha kuniokoa na haya. Siku moja nikaanguka karibu na bomba, na bido ya maji ku kichwa. Kule lupitalo walipima damu: emoglobini 7. Mwanamuke asiye na mimba anatakiwa kuwa na 12 ao zaidi. Ekografi ikaonyesha fibromu ndani ya kizazi, tena kubwa.

Munganga wa kwanza alisema neno moja tu: "Tutatosha kizazi." Akaandika bei, akaita mugonjwa mwingine. Mimi nikatoka bila kuuliza. Kwetu tumezoea hivyo. Wakati wa Gécamines, mufanyakazi na jamaa yake walikuwa wanatunzwa na kampuni. Lakini 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ule mpango ulioitwa wa hiari, na leo wengi wetu tunalipa wenyewe, hata glavu. Basi mwenye kulipa hawezi kuuliza?

Nyumbani maneno yakawa mengi. Mama-mukwe akasema: "Muke bila kizazi ni nini?" Bwana yangu alinyamaza; alitaka mutoto wa ine, nilimujua. Jirani akaleta chupa ya mizizi, eti inayeyusha fibromu. Nilikunywa wiki mbili. Damu haikupungua, nikaanza kutapika.

Halafu nikaenda kwa munganga mwingine, mama, nikiwa na kaye ya maulizo. Alichora kizazi ku karatasi. Fibromu, alisema, karibu siku zote haiko kansa. Inakula homoni za mwanamuke, njo sababu mara nyingi inapungua damu ya mwezi ikikoma. Mwenye fibromu isiyomusumbua anaweza kungoja tu. Lakini mimi, na damu 7, ningengoja miaka kumi? Kuna dawa za kupunguza damu, ila fibromu inabaki pale. Wanaweza kutosha fibromu peke yake: kizazi kinabaki, mimba inawezekana, lakini zingine zinaweza kuota. Wakitosha kizazi chote, hazirudi tena, na mutoto pia hapana, milele.

Nikamuuliza neno la mama-mukwe. Akacheka. Kama vifuko vya mayai vinabaki, homoni zinaendelea kutoka. Mwanamuke anabaki mwanamuke, hata kitandani. (Ndiyo, niliuliza na hilo, ilikuwa ndani ya kaye.)

Lakini kwanza, akasema, tupandishe damu. Miezi mitatu nilikunywa vidonge vya feri na dawa ya kupunguza damu, nikakula maharagwe na lenga-lenga mpaka watoto wakachoka nazo. Ile miezi ilitufaa sana. Usiku tulizungumza, mimi na bwana. Siku moja akakuja naye kwa munganga, akauliza yeye mwenyewe: "Na mimba ingine, ataiweza?" Alisikia jibu kwa masikio yake. Tukirudi hakusema kitu mpaka mulangoni. Hapo akasema: "Mama, mimi nataka wewe."

Nilichagua kutosha kizazi, vifuko vya mayai vibaki. Ni lile lile neno la munganga wa kwanza, najua. Lakini nililia, msifikiri sikulia. Nilikuwa nimeweka nguo ndogo za mutoto ndani ya valizi, chini ya kitanda.

Mudogo wangu wa miaka 27 naye ana fibromu, na bado hana mutoto. Yeye anafikiria kutosha fibromu peke yake. Nilimupa valizi na ile kaye. Kaye ameanza kuandikamo maulizo yake. Valizi alisema niiweke kwanza.