Sebule na Haki ya Mgeni

Nataka kukiri kosa nililolifanya nyumbani kwangu, nalo ni kuwafukuza wageni pasina kuwaambia tokeni.

Nyumba tunayokaa imo katika Mji wa Kale wa Mombasa, nayo ni ya mawe na boriti. Azijuaye nyumba hizi ajua kuwa vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwani dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa bila kupinda. Mafundi wa zamani waliupima upana wa chumba kwa mti, si kwa matamanio ya mwenye nyumba. Sebule yetu ina upana wa futi 9 na urefu wa futi 20. Wazee wetu waliitumia kwa mikeka, matakia yaliyoegemezwa ukutani, na viti viwili vya mbao. Wakikaa watu kumi na wawili, na sinia ya kahawa ikipita kati yao bila mtu kukunja goti.

Mwaka 2019, katika siku za mwisho za Ramadhani, nikaionea haya mikeka ile. Nikanunua makochi, moja la watu watatu na moja la watu wawili, pamoja na meza ya kioo. Kila kochi lilichukua futi 3 kutoka ukutani. Nilipoyaelekeza yote mawili zikawa zimekwisha futi 6; meza ikachukua 2; ikabaki futi 1 igawanywe pande mbili. Hesabu hii yaweza kufanywa na mtoto wa darasa la pili, walakini mimi sikuifanya. Tena kochi kubwa likaziba nusu ya mlango wenye pazia uendao ndani, na mwisho wa chumba ikakaa televisheni, ikivuta macho ya kila aingiaye.

Siku ya Idd akaja ami yangu, ambaye tangu kufariki kwa baba ndiye mkubwa wetu. Kwa nia ya kumtukuza nikamkalisha katika kochi kubwa. Akazama. Magoti yake yakawa juu kuliko kiuno chake. Sikio lake la kushoto ndilo lililo zima, na wazungumzaji wote walikuwa kuliani kwake, kila mmoja ameelekea televisheni. Basi akawa akitabasamu kwa maneno asiyoyasikia. Alipotaka kuinuka hakuweza. Vijana wawili wakamshika kwapani wakamnyanyua, na mwanangu akacheka. Ami hakusema neno, ila aliaga kabla ya kahawa.

Tangu siku ile kila alipokuja alikaa barazani nje. "Hapa pana upepo, mwanangu," alikuwa akisema, nami nikamsifu mbele za watu kwa unyenyekevu wake! Kikao chetu cha usiku wa kuamkia Ijumaa, ambacho mambo ya ukoo yalikuwa yakizungumzwa mbele yake, kikapungua mpaka kikafa. Mambo mawili ya mirathi yaliyokuwa karibu kusuluhishwa yakalala. Mashoga wa mke wangu nao wakaadimika, kwani ili wafike ndani iliwabidi wapite ubavu ubavu, kama kaa, baina ya magoti ya wanaume. Mke wangu alinambia jambo hili mapema. Nikamjibu kuwa watazoea.

Aliyenizindua ni binti wa ami. "Kaka," akanambia, "baba haogopi joto. Aogopa kochi lako."

Maneno yale yalinichoma. Tangu chuoni nimesoma kuwa aya ya 11 ya Suratul Mujadala yawaamrisha Waumini wapeane nafasi katika vikao, na kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kumwinua mwenziwe ili akae mahali pake. Siku zote nikidhani kuwa hayo yawahusu wanaoketi tu. Sikufikiri kuwa kochi nalo laweza kumwinua mgeni, kisha likakaa lenyewe mahali pake.

Tukalitoa kochi kubwa, na mahali pake tukatandika mkeka na kuyarudisha matakia. Mlango wa ndani ukawa wazi, pazia likishuka mpaka chini. Katika stoo tulikuta kiti kimoja cha mbao cha zamani: kigumu, urefu wake inchi 18, chenye mikono ya kujiinulia. Mwanangu yule aliyecheka ndiye aliyekipiga msasa. Tukakiweka pembeni, hatua mbili kutoka mlango wa nje, ukuta ukiwa kuliani, na kochi dogo tukaliweka kushotoni mfano wa kiwiko cha mkono. Kukaa hivi nimekupenda kuliko kukaa ana kwa ana kama walio mbele ya kadhi. Mtu humtazama mwenziwe anapotaka, na hupumzisha macho bila kuonekana amemgeuzia uso. Kati yao haizidi futi 5, basi hakuna haja ya kupaza sauti. Badala ya meza ya kioo pana vigoda viwili vya kuwekea vikombe. Televisheni imehamia chumba cha watoto, na hiyo, wallahi, ilileta ugomvi kuliko yote.

Mimi si adui wa makochi. Mwenye nyumba ya sasa, yenye sebule ya futi 14 kwa 14, aweza kuyaweka na njia ikabaki. Lakini na amkalishe humo kwanza mzee wake wa magoti, amtazame akiinuka, ndipo atoe fedha.

Nilimwalika ami bila kumtajia kiti. Alipoingia alikishika mkono wake mmoja, akakitikisa, akakaa. Baadaye akasema, "Kisogezeni kidogo, niwaone wanaoingia." Tukakisogeza. Alikaa hata kahawa ikaletwa mara ya pili. Jambo moja la mirathi lilikwisha mwezi ule ule. La pili lingali likizungumzwa.

Kochi kubwa limo katika stoo, limefunikwa shuka. Wamekuja watu watatu kulitazama, na kila mmoja amelisifu, akapima kwa shibiri, akasema nyumba yake ni nyembamba.