Pensheni ya mama na hitilafu niliyoiandika mwaka 2009

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na najua kuna wanaosubiri ile makala ya kuhifadhi data ya simu. Itakuja. Leo naomba mnivumilie niandike kuhusu mishahara ya serikali. Msishtuke, tarakilishi imo ndani, na mwenye makosa ni mimi.

Juzi mdogo wangu alinitumia faili mbili za PDF. Yeye ni mwalimu wa shule ya upili, ameajiriwa na serikali, na siku hizi walimu huchukua hati zao za mshahara mtandaoni kupitia T-Pay. Hati moja ilikuwa ya mwaka 2020 na nyingine ya juzijuzi. Chini yake aliandika: "Kaka, wewe si mtu wa kompyuta? Nieleze mbona wameniongeza mshahara na pesa zimepungua."

Nilicheka kwanza. Halafu nikakumbuka mara ya mwisho mtu wa nyumbani aliponipa hati ya mshahara niisome, kicheko kikaisha.

Mama yangu alianza kufundisha shule ya msingi huko Taita mwaka 1977. Mwaka 2009 alikuwa anatimiza miaka 55, na wakati huo 55 ndio ulikuwa umri wa kustaafu. Mwezi wa Januari alinikabidhi karatasi yake ya mshahara, ile nyembamba iliyochapwa kwa mashine ya nukta, akaniomba nimpigie hesabu ya kiinua mgongo. Nilikuwa nimeanza kazi ya kuandika programu, na kila tatizo nililoliona nililitaka liwe programu. Kikokotoo cha simu kingetosha, lakini mimi nikaandika kitu cha Visual Basic chenye madirisha na vitufe, na rangi ya kijani juu.

Fomula yenyewe ni fupi. Kwa sheria ya zamani ya pensheni unachukua miezi uliyofanya kazi, unaigawa kwa 480, kisha unazidisha kwa mshahara wa mwisho. Hiyo ndiyo pensheni kamili. Mstaafu akitaka, robo yake hugeuzwa kuwa pesa za mkupuo: unachukua robo ya pensheni ya mwaka na kuizidisha mara 20. Robo tatu zilizobaki ndizo zinazoingia kila mwezi. Mistari sita tu ya msimbo.

Mama alikuwa na miezi 384, yaani asilimia 80 ya mshahara. Nikaingiza shilingi 31,000 (nimezungusha namba kidogo), programu ikatoa 1,488,000 za mkupuo. Nilimpigia simu usiku uleule. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia, "Mama, kompyuta haikosei."

Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa amekopa kwenye SACCO shilingi 150,000 na kutoa malipo ya kwanza ya ploti Voi. Ploti yenyewe bei yake ilikuwa 600,000. Hesabu yake ilikuwa kwamba atalipa salio kwa kiinua mgongo, na zitakazobaki zitajenga vyumba viwili na choo.

Mnaofahamu mambo ya serikali mmeshaliona kosa. Zile 31,000 zilikuwa jumla ya kila kitu: posho ya nyumba na ya matibabu. Mshahara wake wa msingi ulikuwa kama 20,000. Pensheni haihesabiwi kwa marupurupu, inahesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake. Hesabu ya kweli ilikuwa 960,000. Nilikuwa nimempa mama yangu shilingi 528,000 ambazo hazikuwepo mahali popote isipokuwa ndani ya dirisha la kijani.

Sikuligundua mimi. Liligunduliwa na mwalimu mwenzake aliyestaafu mwaka uliotangulia. Alimsikia mama akitaja namba hiyo kanisani, akamvuta kando. Mama hakunipigia kunigombeza. Alipiga kuuliza kama nimekula, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ile mashine yako, ulipoijaza, ulisoma mstari gani?"

Kilichotuokoa hakikuwa akili ya mtu yeyote nyumbani kwetu. Mnamo Machi 2009 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 1 umri wa kustaafu utakuwa miaka 60. Vijana wengi walikasirika, na walikuwa na haki, kwa maana wazee wakikaa miaka mitano zaidi, nafasi za kazi nazo hukaa miaka mitano zaidi. Mimi pia nilikuwa kijana, na marafiki zangu wawili walikuwa wanasubiri kuajiriwa serikalini. Nilinyamaza kimya kabisa. Mama alifundisha hadi 2014 na kulilipa salio la ploti kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara.

Tangu hapo nimekuwa na tabia ya kusoma habari za mishahara ya umma jinsi wengine wanavyosoma matokeo ya ligi. Na jambo moja hurudi kila mara: ugomvi ni wa mshahara, lakini suluhu mara nyingi hupitia kwenye marupurupu. Mwaka 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, walimu waligoma na serikali ya Moi ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, pamoja na posho zilizohesabiwa kama asilimia ya mshahara wa msingi. Yote yakaandikwa kwenye Tangazo la Kisheria nambari 534. Awamu ya kwanza ikalipwa, nyingine zikakwama, walimu wakagoma tena 1998. Waliostaafu katikati ya ngoja-ngoja hiyo walipigiwa pensheni kwa mishahara ya zamani, hadi wakaenda mahakamani Nakuru, ambako mwaka 2008 walishinda.

Ukiwa mwajiri, posho ni rahisi. Haiongezi pensheni ya kesho. Unaweza kuipa kada moja bila nyingine, na ikionekana kubwa unaibadilisha jina. Tume ya Mishahara na Marupurupu, iliyoundwa na Katiba ya 2010, ilipohesabu posho katika utumishi wa umma ilikuta zimetoka 31 mwaka 1999 hadi 247 mwaka 2019. Sisi waandishi wa programu tunaijua hali hiyo. Ni ule mfumo ambao hakuna aliyethubutu kugusa jedwali kuu, basi kila ombi jipya linaongezewa safu pembeni, na baada ya miaka ishirini hakuna anayejua safu ya 112 ni ya nini, ila ukiifuta watu wanaandamana.

Haya, turudi kwa mdogo wangu. Safari hii nilisoma kila mstari. Namba zake halisi ni zake, kwa hivyo natumia za mfano.

Chukua mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa 40,000 na marupurupu ya 14,000. Mkataba wa walimu wa 2021 hadi 2025 ulitiwa sahihi bila nyongeza ya pesa, kisha 2023 ukarekebishwa na kuleta asilimia 7 hadi 10, iliyogawanywa katika miaka miwili. Kwa asilimia 7, mwalimu wetu anapata 2,800 zaidi. Makofi.

Sasa upande wa makato. Mpango mpya wa pensheni ya watumishi wa umma ulianza Januari 2021. Waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa moja kwa moja, wakikatwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 wa pili, na 7.5 kuanzia wa tatu. Kwa mshahara wa msingi wa 42,800 hizo ni 3,210. Ada ya nyumba, asilimia 1.5 ya jumla, ni 852. Bima ya afya ilikuwa 1,200 wakati wa NHIF. Tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75, yaani 1,562. Makato mapya kwa jumla ni 4,424 dhidi ya nyongeza ya 2,800. Kodi hupunguza maumivu kidogo, kwa kuwa makato haya huondolewa kabla ya PAYE (hayo mawili ya mwisho ni tangu mwisho wa 2024). Hata hivyo pesa inayofika benki inapungua, na kiasi kinategemea mwezi unaoanzia kulinganisha.

Nikamtumia jedwali. Akajibu, "Kwa hivyo sikuwa nimechanganyikiwa."

Hapo ningeweza kuishia na kulalamika pamoja naye, lakini kuna upande wa pili wa jedwali, na nilimpigia simu kumweleza. Pensheni ya mama inatoka Mfuko wa Jumla wa serikali, yaani kodi inayokusanywa mwaka huohuo. Hakuna sanduku lililowekewa akiba yake. Inaingia, namshukuru Mungu, lakini kila mwaka lazima ipatikane upya. Katika mpango mpya, kwa kila 3,210 anayokatwa mwalimu wetu, serikali inaweka asilimia 15, yaani 6,420. Hiyo ni 9,630 kwa mwezi kwa jina lake, na zinawekezwa. Haionekani kwenye simu siku ya mshahara, ndiyo maana inauma.

Na hapa ndipo siwezi kumpa jibu. Mama, kwa fomula ile, alijua atapata nini kama alijua mstari wa kusoma. Mdogo wangu hajui. Kiasi chake kitategemea faida ya uwekezaji, mfumuko wa bei, na uaminifu wa watakaozishika hizo pesa kwa miaka ishirini ijayo. Akistaafu anaweza kuchukua hadi theluthi kwa mkupuo, zinazobaki zimlipe kidogo kidogo. Miaka yake ya kabla ya 2021 inabaki kwenye hesabu ya zamani. Kwa hivyo atakuwa na pensheni mbili nusu-nusu, na moja tu ndiyo naweza kuiandikia msimbo. Ile nyingine naweza kukisia tu, na nilishawahi kukisia.

Alichonificha hadi dakika ya mwisho ni kwamba shule moja ya binafsi mjini Mombasa inamtaka, kwa pesa nzuri zaidi mkononi, bila pensheni. Ndiyo maana alituma zile hati. Alitaka namba moja ya kumwambia abaki au aende.

Mimi mwenyewe nimefanya kazi za mkataba karibu maisha yangu yote, na sina hata shilingi ya uzeeni niliyowekewa na mwajiri. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia asitoe malipo ya kwanza ya kitu chochote mwezi huu.

Mama alikuwa amekaa karibu naye, nasikia simu ilikuwa kwenye spika. Akauliza, "Umesoma mshahara wa msingi safari hii?" Nikamjibu, ndiyo mama. Akasema nimsomee tena namba zote, polepole, aziandike kwenye daftari lake azipige mwenyewe kwa mkono. Ilituchukua dakika arobaini. Tulitofautiana kwa shilingi mbili, na zile mbili zilikuwa za kwangu: nilikadiria senti kabla ya kujumlisha badala ya baada. Jedwali nimelirekebisha. Anayelitaka aniandikie barua pepe, nitamtumia.