Wakala Aliyesifiwa

Askari arudipo kutoka kazi ya mbali na akiba yake, hupokewa na watu wa namna nyingi. Wako wamwombao karo ya watoto, wako wamkumbushao deni la zamani, na hakosekani mmoja amjuaye dalali wa viwanja. Huyu wa mwisho ndiye wa kuangaliwa kuliko wote, wala si kwa kuwa ni mwovu. Mara nyingi ni rafiki wa kweli, na ayasemayo huyaamini mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa kwa sajini mmoja, mzaliwa wa Bwera, ambaye mwaka 2022 alikuwa Somalia pamoja na majeshi ya Umoja wa Afrika. Uganda ilianza kupeleka askari huko mwezi Machi 2007, na tangu hapo si nyumba chache za matofali zilizoinuliwa kwa fedha iliyopatikana kwa jasho la Mogadishu. Sajini alikuwa amejiwekea shilingi milioni kumi na sita. Kitanda cha jirani alilala koplo mmoja wa Kasese, kijana mwaminifu, waliyegawana naye maji na zamu za usiku. Siku moja koplo akamwambia:

"Afande, usihangaike na madalali wa barabarani. Pale Kasese wapo mawakala wenye ofisi. Mimi walinipatia kiwanja kwa majuma mawili tu. Wana stakabadhi, wana gari, na mke wangu walimpokea kwa soda."

Jioni ile ile sajini akampigia mkewe simu. "Mama watoto, nenda Kasese kwa watu wa koplo. Juma lijalo natuma fedha."

Mkewe alikuwa mfanyabiashara wa maharagwe katika soko la Mpondwe, pale mpakani. Mtu ambaye kwa miaka kumi na miwili amenunua magunia ya kutoka ng'ambo ya mto Lhubiriha hawezi kulisikia neno "dalali" bila kuuliza maswali. Ajua kwamba gunia husifiwa kwa yaliyo juu, na huoza kwa yaliyo chini. Tena alikuwa na sababu nyingine. Waasi waliposhambulia Mpondwe mwezi Novemba 1996, yeye alikuwa bado msichana, na watu wa kwao walikimbia pamoja na maelfu wengine. Waliporudi walikuta mtu amelima hadi mlangoni pa nyumba yao, na kazi ya kumwondoa ilichukua miaka mitatu na mbuzi wasiohesabika.

"Nimesikia, baba watoto," alijibu. "Ila niachie siku kumi kwanza."

Sajini hakupendezwa. Siku kumi za nini, na koplo amekwisha kununua? Lakini yuko mbali, na mwanamke yuko karibu na ardhi; akanyamaza.

Yafaa msomaji asiyeijua Kasese aelezwe kwa nini kiwanja huko si kitu cha kununuliwa kwa haraka. Upande mmoja imesimama milima ya Ruwenzori, ambayo tangu 1991 ni hifadhi ya taifa. Upande wa pili ni Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Katikati ya hifadhi hizo mbili yamebanana mashamba ya umwagiliaji ya Mubuku, mashamba ya Magereza, kiwanda cha saruji cha Hima, na mji uliokua tangu reli ilipofika mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe. Shaba ilikoma, na treni nayo ikakoma, lakini ukanda wa reli una mwenyewe hata kama mataruma yamefunikwa na nyasi. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya ardhi ya wilaya ni ya kimila. Ardhi yenye hati miliki ina daftari ofisini, na mtu aweza kulipa ada akaonyeshwa jina la mwenyewe. Daftari la ardhi ya kimila ni vichwa vya wazee, na wazee hawana dirisha la ofisi.

Mama yule hakuanzia kwa wakala. Alianzia kwa mke wa koplo. Neno la koplo lilikuwa limetoka Mogadishu, lakini kiwanja kilikuwa Kasese, na aliyeishi nacho alikuwa mkewe. Akapanda teksi asubuhi, akapita Kikorongo ambako barabara hukata katikati ya hifadhi, na saa nne alikuwa amekaa mkekani kwa mwenyeji wake akinywa chai.

"Dada, nimetumwa na mume wangu kwa watu waliowauzia ninyi. Niambie, ni watu wa namna gani?"

"Watu wazuri sana, mama! Wana heshima. Walinichukua kwa gari wakanirudisha hapa hapa."

"Na kiwanja?"

"Kipo. Nimepanda mihogo."

"Hati yake je?"

Mwenyeji akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na hati ya mauziano yenye muhuri wa ofisi ya wakala, na stakabadhi tatu. Jina la muuzaji lilikuwemo. Sahihi ya mke wa muuzaji haikuwemo, wala ya jirani hata mmoja, wala muhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Kuhusu hati miliki, waliambiwa bado inashughulikiwa. Walikuwa wameambiwa hivyo kwa miezi kumi na tisa.

Mama wa Mpondwe aliirudisha karatasi kwa upole, asitie neno la kutisha. Alirudi na kuyapima aliyoyasikia kama apimavyo debe. Gari, soda, heshima, majuma mawili: sifa zote zilikuwa za siku ya kulipa. Hakuna hata moja iliyohusu ardhi yenyewe. Koplo na mkewe hawakusema uongo. Walikuwa bado hawajafikwa na siku ya kuijua kweli. Kiwanja hujaribiwa siku mtu mwingine anapokuja na kusema, "Hapa ni petu," au siku mto unapopanda, na siku hizo zilikuwa hazijafika kwao.

Lilibaki swali moja gumu, na alimwachia mumewe alipeleke kwa koplo: je, ukileta mnunuzi hupewa kitu? Sajini aliona haya kumuuliza mwenzake wa bunduki, lakini akauliza. Koplo akajibu bila kuficha kwamba wakala humpa mtu wa namna hiyo shilingi laki mbili za shukrani. Hakuona ubaya, kwa maana ni desturi. Kweli ni desturi. Lakini sifa iliyolipiwa, hata kama ni ya kweli, hailingani na sifa ya bure, na mwenye kuisikia ana haki ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Siku ya sita mama alikwenda ofisini kwa wakala mwenyewe. Alilipa shilingi elfu hamsini za kuonyeshwa viwanja, na kijana mmoja mtanashati akamchukua, mara hii si kwa gari bali kwa bodaboda. Kiwanja cha kwanza kilikuwa futi hamsini kwa mia, tambarare, cha bei ndogo kuliko alivyotarajia. Mama akatazama chini. Udongo ulikuwa umechanganyika na mawe meupe ya mviringo, makubwa kama vichwa vya watoto. Mawe ya namna ile hayaoti shambani. Huletwa na maji.

Jirani palikuwa na bibi aliyekuwa akianika mtama. Mama akamwendea, akamsalimu kwa Kikonzo, wakaulizana habari za nyumbani mpaka bibi akaweka ungo chini.

"Bibi, mwaka ule wa 2013 maji yalifika wapi?"

Bibi akanyosha mkono kuuonyesha mparachichi, nyuma kabisa ya kiwanja. "Na mwaka 2020 yalipita pale tena. Shina limebaki na alama, nenda kaangalie."

Kila mtu wa Kasese azijua siku hizo. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka kutoka milimani na magogo na majabali, ukaua watu, ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mwezi Mei 2020 ukafanya hivyo mara ya pili. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 nazo hukataza kujenga ukingoni mwa mto: mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa humo, mita 30 kwa mito mingine. Kijana wa wakala alipoulizwa kama aliyajua hayo, aliinamisha macho. Yeye ni mtu wa Mbarara. Alikuja Kasese mwaka 2021. Huenda hakuwa tapeli. Alikuwa akiuza mahali asipopakumbuka.

Tuwe wa haki, maana si vyema kumvunja mtu kwa nusu ya habari. Kiwanja cha pili walichomwonyesha kilikuwa katika eneo lililopimwa, nacho kilikuwa na hati miliki. Wakala alitoa nakala yake papo hapo bila kujiumauma. Mama akasafiri hadi Fort Portal, kwenye ofisi ya ardhi ya kanda, akalipa ada, na daftari likaonyesha jina lile lile, bila deni la benki wala pingamizi. Kwa ardhi ya namna ile, wakala yule alifaa. Tatizo lilikuwa bei: milioni ishirini na nane. Hivyo jibu alilompelekea mumewe halikuwa kwamba wakala ni mwizi, wala kwamba ni malaika. Alimwambia, "Penye karatasi, watu hawa wanajua kazi. Pasipo karatasi, wanakisia kama mimi na wewe. Na fedha yetu ni ya mahali pasipo karatasi."

Sajini alinyamaza kidogo kwenye simu. "Koplo atasemaje?"

"Koplo hatakaa katika nyumba hiyo."

Baba yake sajini, kule Bwera, aliposikia habari, alileta sifa ya kwake: yupo mzee mmoja wa milimani ajuaye kila mpaka tangu siku za babu zake, hana ofisi, hana gari. Watu wengi wangeona hapo shauri limekwisha, kwa kuwa sifa imetoka kwa mzazi. Mama yule hakuliacha neno la mkwewe lipite bila kupimwa, ingawa alilipima kwa adabu. Aliuliza mzee huyo ana undugu gani na muuzaji. Ikadhihirika kwamba walioa katika nyumba moja. Aliuliza amemsimamia nani, na lini. Akatajiwa watu watatu, akawatembelea wote. Mmoja wao alikuwa amewahi kudaiwa ardhi yake miaka minane baada ya kuinunua, na mzee alikuja mwenyewe kwenye baraza, akasimama juu ya mpaka, akasema aliyoyajua hadi mdai akaondoka. Hiyo ilikuwa sifa ya siku ya taabu.

Hata hivyo mzee naye alikuwa na upungufu wake. Hakutaka kuandika stakabadhi. Alisema neno lake latosha. Hapo mama alishikilia msimamo. Fedha haikutoka mpaka alipopatikana wakili wa kuandika mkataba, mpaka muuzaji alipokuja na mkewe, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 hutaka mke au mume aridhie ardhi ya familia inapouzwa, na mpaka ndugu wawili wa muuzaji na majirani wa pande nne walipotia sahihi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mipaka ilipandwa miti huku wote wakitazama. Ombi la hati ya umiliki wa kimila likapelekwa kwenye Kamati ya Ardhi. Shughuli ile ilichukua miezi minne, si majuma mawili, na sajini alilalamika katika kila mwezi kati ya hiyo minne.

Koplo alichukia. Kwa muda alimwita sajini "afande" kwa sauti ya gwaride tu, bila yale mazungumzo ya usiku. Wote wawili walirudi nyumbani mwaka 2023. Siku moja mwezi Agosti koplo alifika Bwera bila taarifa, akiwa amevaa nguo za kiraia. Alipewa kiti, akaketi na kuitazama misingi ya nyumba iliyokuwa imeanza kuinuka. Baada ya chai akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, kuna mtu amekuja kung'oa mihogo ya mke wangu. Asema kiwanja ni cha marehemu baba yake."

Mama hakumwuliza kwa nini. Aliuliza tu kama zile karatasi bado ziko pamoja, na kama muuzaji yu hai na akaa wapi.

Juma lililofuata wanawake wawili walipanda teksi alfajiri kwenda Fort Portal kuuliza kama kuna jalada lolote lililofunguliwa kwa jina la koplo. Mmoja alikuwa ameacha meza yake ya maharagwe kwa binti yake. Mwingine alikuwa ameupakata ule mfuko wa nailoni mapajani, kwa mikono miwili, njia nzima.