Jina la Ganda

Ziko risasi ambazo hazikuzaliwa kiwandani. Wamarekani huziita paka-mwitu, na jina limezikaa, maana hazikufugwa na kampuni yo yote. Mwenye bunduki hutwaa ganda la risasi nyingine, akalibadili umbo, kisha akatia fataki, baruti na kichwa cha risasi kwa mkono wake. Wako watakaosema kuwa hii ni kazi ya watu wenye wakati mwingi. Huenda. Mimi niliitazama mezani pa mzee mmoja katika jimbo la Colorado, wala siwezi kuihesabu mchezo.

Maganda yake yalikuwa ya .30-06, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906. Aliyapaka mafuta kidogo, akayasukuma moja moja ndani ya kalibu ya chuma, na shingo iliyopokea kichwa cha inchi 0.308 ikabanwa hata ikapokea cha inchi 0.257. Shaba ya manjano ina tabia hii: kila ikibanwa huzidi ugumu, na ugumu ukipita kiasi hupasuka. Dawa yake ni moto. Lakini moto huo ni haki ya shingo peke yake; kitako kikilainika hakitahimili nguvu ya baruti, na moshi wa moto utamrudia mpigaji usoni. Kwa hiyo mzee aliyasimamisha maganda katika sinia ya maji, vitako vikiwa vimezama, ndipo akazipasha shingo. Baruti aliipima kwa punje. Ratili moja ina punje 7,000, naye alikuwa akibishana na mizani juu ya sehemu ya kumi ya punje moja.

Kilichonishughulisha zaidi ni maandishi ya kitako. Shingo imebadilika, lakini chini bado pamesomeka .30-06. Ganda linasema uongo bila ya kukusudia, na bunduki ya jina lile italipokea bila ya kusita, ingawa si yake. Mzee aliandika jina la kweli kwa wino juu ya kila kisanduku, pamoja na tarehe na uzito wa baruti. Nilipomwomba risasi moja iwe ukumbusho, alinipa ganda tupu.

Kampuni ya Remington iliipokea risasi hiyo mwaka 1969, ikaiita .25-06, na tangu hapo maganda yenye jina lake huuzwa dukani. Nilimwuliza kwa nini asiyanunue. Akanijibu kuwa bunduki yake ilichongwa kabla ya mwaka huo, na vipimo vyake si vya kiwanda. Hata jina la dukani lingekuwa uongo kwake.