Ufunguo wa Ghala

Mtu akitaja Ubelgiji hapa kwetu Kamina, wengi hukumbuka njia ya reli na mapadri Wafransisko. Mimi leo nataka kuwaonyesha ghala.

Ghala lenyewe lipo Lissewege, kijiji kilicho karibu na mji wa Bruges. Si mbali na abasia ya Mtakatifu Andrea, ile iliyotuma Wabenedikto kuja Katanga mwaka 1910. Lakini waliolijenga ni watawa wa Cîteaux, wa abasia ya Ter Doest, miaka zaidi ya 600 iliyopita. Urefu wake unapita mita 50. Kuta ni za matofali, na ndani nguzo za mwaloni zimesimama safu mbili zikibeba paa. Kila nguzo imekaa juu ya jiwe, kusudi unyevu wa ardhi usiuozeshe mti. Mzee yeyote wa vijiji vyetu angeelewa mara moja, maana naye huinua ghala lake juu ya miti.

Watawa wa Cîteaux hapo mwanzo walikatazwa kuishi kwa zaka na kodi za watu. Walipaswa kula jasho lao. Kwa hiyo mashamba yalilimwa na mabruda, wengi wao wakulima wasiojua kusoma. Walileta miganda ya nafaka kwa magari, wakaipanga ndani hadi juu, na wakati wa baridi waliipura. Baadaye abasia ikawa tajiri, na hapo shida ikaanza.

Mwaka 1308 bruda mmoja wa Ter Doest, Willem van Saeftinghe, aliyekuwa amepigana vitani Kortrijk mwaka 1302, alimjeruhi abati wake na kumwua mtunza ghala. Ndiyo, mtunza ghala! Halafu akajifungia katika mnara wa kanisa la Lissewege. Mtu mwenye ufunguo wa chakula hupendwa na kuchukiwa siku ile ile.

Mtakatifu Benedikto alilijua jambo hilo. Katika Kanuni yake, sura ya 31, ataka mtunza ghala awe mtu mtulivu, asiye mchoyo wala mpotevu, na akikosa kitu cha kumpa mwombaji, basi ampe neno jema. Papa Gregori naye asimulia kwamba wakati wa njaa Benedikto aliagiza mafuta kidogo yaliyobaki apewe mtu mhitaji. Mtunza ghala akayaficha, akiwafikiria ndugu zake. Benedikto akaamuru chupa itupwe dirishani. Mimi humhurumia yule bruda kidogo. Alikuwa akihesabu vinywa.

Mwaka 1571 abasia iliharibiwa katika vita vya dini. Ghala likabaki. Nafikiri hata adui huhitaji mahali pa kuwekea nafaka.

Katika jumuiya yetu tumejenga ghala dogo la matofali nyuma ya kikanisa. Sababu mnaijua: mahindi yakivunwa, wachuuzi huyanunua kwa bei ya bure, na mwezi wa kwanza mama yule yule aliyeyauza huyanunua tena kwa bei inayoumiza. Sasa kila nyumba huweka gunia lake, na kuongeza kidogo kwa ajili ya maskini. Watu walitaka ufunguo nikae nao mimi mkatekista. Nilikataa. Tulifunga makufuli mawili, funguo zikakaa kwa mama wawili wasio wa ukoo mmoja.

Mwaka huu mjane mmoja asiye wa jumuiya, wala wa dini yetu, amekuja kuomba. Fungu la maskini limekwisha. Yaliyobaki ni magunia sita, na kila moja lina mwenyewe. Baba mmoja alisema, "Tukimpa huyu, kesho watakuja kumi." Asema kweli, watakuja. Mama mmoja mwenye ufunguo hakujibu kitu. Alimpa mjane unga wa nyumbani kwake, akaenda zake.

Jumapili hii tutakaa tena juu ya neno hilo, baada ya sala.