Mito Hukutania Wapi?

Mjukuu wangu alikuja Ngara likizo akiwa na ombi nisilolitarajia. Yeye na wenzake hucheza mchezo wa kuficha visanduku vidogo porini, kisha hutangaza latitudo na longitudo ili wengine wavitafute kwa simu. Mchezo huo ulianzia Oregon, Marekani, Mei 2000, mara tu serikali ya nchi hiyo ilipoacha kuyapotosha kwa makusudi mawimbi ya setilaiti yaliyowafikia raia. Alitaka kisanduku chake kikae pale Mto Ruvubu unapokutana na Mto Kagera, juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo.

"Babu, nionyeshe mahali penyewe," akasema. "Nukta moja tu."

Nilikubali upesi mno. Tulipofika kilimani nikainua fimbo nioneshe, nayo ikabaki hewani. Maji ya mito ile hayakuchanganyika papo hapo. Yalikwenda sambamba kitambo, mkondo mmoja ukiwa mwekundu kuliko mwenzake, mstari wa povu ukipinda katikati. Nukta iwe pale yanapogusana, au pale rangi inapokuwa moja? Ncha ya ardhi iliyo baina yao nayo ilifunikwa na mafunjo, na masika huizamisha.

Hapo nikamkumbuka msichana mmoja niliyemfundisha Biharamulo. Katika mtihani niliuliza maana ya makutano ya mito. Akaandika kwamba mito haikutani mahali, hukutana njiani. Nikampiga mkasi kwa wino mwekundu, na darasa zima likacheka nilipolisoma jibu lake kwa sauti. Kuhusu alama sina la kujitetea. Kuhusu kile kicheko ndiyo kabisa.

Lugha yenyewe haikunisaidia pale kilimani. Twasema mito hukutana, kama wasafiri ambao baadaye wataagana, ilhali hii haiagani tena. Kuungana kungefaa zaidi. Twasema tawimto, lakini tawi la mti hupokea maji kutoka shinani, na tawimto huyapeleka shinani. Tena lipi ni tawi hapa? Mjerumani Richard Kandt, mwaka 1898, aliutafuta mwanzo wa Nile kwa mkono wa Nyabarongo, ambao hapa huitwa Kagera, hadi Rukarara nchini Rwanda. Mwaka 1937 Burkhart Waldecker akaufuata mkono wa Ruvubu hadi Rutovu, Burundi. Anayeamua lipi ni shina katika maji haya ndiye anayeamua Nile inaanzia nchi ipi, na mimi niliwahi kulimaliza jambo hilo kwa mkasi mmoja wa kalamu.

Mjukuu alikuwa akisubiri. Nilimwambia aachane na maji, achague mwamba ulio kilimani, ambako mtu husimama miguu mikavu hata masika na kuuona mstari wa povu tangu unapoanza hadi unapofutika. Akaandika namba zake. Alipouliza jina la mahali, nikamwambia aandike "Hukutana Njiani".

Yule msichana sasa ni mtu mzima, na huwa namwona sokoni. Hunisalimu shikamoo kwa heshima zote. Bado sijamwambia.